Mgeni wa Miguu Mitatu

Mtaani walimwita Bwana Vipimo, na jina hilo hakulikataa, maana lilimkaa vizuri kama kofia ya kushonewa. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotetemeka. Hakuwahi kuoa. Wenye maneno yao walisema aliwahi kuchumbia mara moja, lakini siku ya kwenda kujitambulisha ukweni aliona dira ya kale imelala juu ya turubai la muuza vyuma chakavu, akainama kuitazama, akainuka jua limeshageuka na wakwe wameshafunga mlango. Yeye akiulizwa alicheka tu, akasema dira ile bado anayo na haijawahi kumpoteza.

Ukusanyaji wake wote ulikuwa wa namna hiyo, wa kuinama. Maabara ya shule ikifungwa, yeye yuko mlangoni. Duka la dawa likibadilisha mizani, yeye keshapita uani kuuliza ile ya zamani imetupwa wapi. Mjane wa mhandisi akitaka kusafisha stoo, majirani humwambia amwite Bwana Vipimo kabla hajaita gari la taka. Matokeo yake, nyumba yake ya vyumba vitatu ilikuwa na chumba kimoja cha mtu na viwili vya vyombo. Kulikuwa na mizani za visahani vya shaba zilizoweza kupima punje moja ya mchele. Kulikuwa na hadubini, baromita za ukutani, saa za mchanga, rula za kukokotolea walizotumia wahandisi kabla kalkuleta hazijaja, na makasha ya mbao yenye mawe ya mizani yaliyojipanga kwa ukubwa kama watoto wa baba mmoja wanaopigwa picha.

Vyombo vipya havikumvutia. Chombo kipya, alisema, hakijafundwa. Alichopenda ni kuona pale kwenye skrubu ambapo dole gumba la mtu asiyemjua, aliyekufa zamani, lilipita na kupita mpaka shaba ikalainika. Angeweza kukaa na kitu kama hicho kiganjani asubuhi nzima, kimya, kama mtu anayepeana mkono na rafiki.

Kuliko vyote aliipenda theodolaiti yake. Hicho ni chombo cha wapima ardhi cha kupimia pembe: darubini ndogo iliyokaa juu ya duara lenye alama za nyuzi, na yote imesimama juu ya miguu mitatu ya mbao. Yake ilikuwa ya kale sana. Shaba yake ilikuwa imegeuka rangi ya asali iliyokaa, na duara lake lilikuwa na utepe wa fedha uliochorwa mistari myembamba kama nyusi za sisimizi. Aliikuta kwa mfua shaba, imeshapangwa kuyeyushwa iwe vitasa vya milango. Tangu siku hiyo ilisimama sebuleni karibu na dirisha, na hakuwahi kuitoa nje. Aliipangusa vumbi kwa brashi ya manyoya, akaishia hapo.

Sasa, mtu huyu alikuwa na dada. Alimzidi kwa miaka mingi kiasi kwamba watu walimdhani mama yake, na hawakukosea sana. Mama yao alifariki Bwana Vipimo akiwa bado anatambaa, na dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamnyamazisha. Alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba, na aliendelea kumwita hivyo hata alipoota mvi. Yeye alikuwa Dada Mkubwa kwa kila mtu, hata kwa waliomzidi umri. Alifanya kazi ya upishi hospitalini mpaka alipostaafu, akalea mabinti, akafiwa na mume, akabaki peke yake. Hakuwa na neno na upweke wake mpaka siku alipoteleza bafuni akavunjika mkono.

Mabinti wakapigiana simu. Kila mmoja alimtaka kwake. Dada Mkubwa akawakatalia wote kwa mkupuo. Alisema hayuko tayari kukaa kwa mkwe na kuomba ruhusa ya kufungua friji. Angekwenda kwa yule ambaye matako yake aliyaosha yeye, kwa kuwa huyo hana la kumwambia.

Bwana Vipimo alipopokea habari hiyo alifurahi kwa moyo wake wote. Akamwambia karibu sana Dada, nyumba ni yako. Halafu akakata simu, akafungua mlango wa chumba cha kati, akatazama, akaketi.

Kupata nafasi ya kitanda kulimchukua juma zima. Hakuuza kitu wala kugawa. Hadubini zilihamia juu ya kabati la nguo. Mizani zikaingia jikoni, kwenye rafu za sahani. Makasha ya mawe yakasukumwa uvunguni mwa kitanda chake mpaka kitanda kikainuka kidogo upande mmoja, akawa analala kama mtu aliye kwenye mteremko. Dada Mkubwa alipofika, na kitanda chake mwenyewe kimefungwa juu ya gari, kikakataa kupita mlangoni, jirani yao Seremala akaitwa kuja kukifungua vipande vipande. Wakati nyundo inalia, yeye alisimama katikati ya sebule, mkono wake ungali kwenye kitambaa cha kuuning'iniza, akazungusha macho taratibu.

"Kitinda," akasema, "hapa ni nyumbani au ni bohari?"

"Ni nyumbani, Dada."

"Haya. Basi na mimi nitafutiwe rafu yangu."

Mwanzo huo ulikuwa mwema kuliko alivyotarajia. Dada Mkubwa hakuvichukia vyombo. Alivikodolea macho kama anavyokodolea wageni wa harusi, akitaka kujua nani ni nani na kaletwa na nani. Theodolaiti aliipa jina siku ileile. Aliuliza kwa nini huyu tangu amefika amesimama tu, miguu mitatu na haketi, kama mgeni aliyekuja kudai. Kuanzia hapo ikawa Mgeni. Asubuhi akipita kwenda jikoni aliisalimu, na ikiwa kimya, kama ilivyo kawaida yake, aliguna na kusema wengine hawakulelewa.

Lakini kilichomgusa ndugu yake zaidi ni maswali. Watu wote waliowahi kuingia nyumba ile waliuliza jambo moja: hiki ni cha bei gani? Dada Mkubwa hakuuliza bei hata siku moja. Alikiokota chombo, akakigeuza, akasema, "Hiki kinapima nini?" Na akiambiwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza la pili, ambalo mara nyingi lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Ndugu yake hakuwahi kuzungumza kiasi kile tangu aache kazi. Sauti yake ilianza kukwaruza, ikabidi anywe maji ya moto.

Siku moja aliokota kisanduku cha shaba chenye kioo na mshale ndani. Bwana Vipimo akamweleza kwamba ni kipima unyevu wa hewa, na kinachokiendesha ni unywele wa binadamu. Hewa ikiwa na majimaji unywele hurefuka, ikikauka hufupika, na mshale unafuata. Hiki kilikuwa kimekufa, kwa kuwa unywele wake ulikatika kabla hata hajakinunua.

"Ulikuwa wa nani?"

Alikiri hajui. Hilo hakuwahi kujiuliza.

Dada Mkubwa aliweka kisanduku mezani, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akapapasa utosini, akang'oa unywele mmoja mrefu mweupe, akamnyooshea. "Huu ni wa mtu unayemjua," akasema.

Bwana Vipimo aliuosha kwa sabuni kuutoa mafuta, akaukausha, akaufunga mahali pake kwa koleo ndogo, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo kama alipokuwa mtoto. Kisha wakakaa wote wawili kukitazama kisanduku. Birika lilipochemka jikoni na mvuke ukafika sebuleni, mshale ukajitikisa, ukasogea. Dada Mkubwa alitangaza kwa simu kwa mabinti zake wote kwamba sasa ameajiriwa tena.

Yapo mambo ambayo ndugu yake aliyameza. Mizani ya dawa, kwa mfano, ilianza kupima chumvi. Baromita nayo iliingizwa kwenye mashindano na goti la kushoto la Dada Mkubwa, kwamba nani atatabiri mvua kwanza, na goti likawa linashinda mara nyingi kuliko inavyofaa kwa heshima ya baromita. Aliyameza kwa sababu nyumba ilikuwa imeanza kunukia chakula na kusikika watu. Akitoka kwenda dukani alijikuta anarudi haraka.

Alikuwa na rafiki mmoja wa ugonjwa huohuo, Daktari wa Meno, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja ya kutazama watu na nyingine ya kutazama vitu. Walikuwa wamegombania hadubini moja kwenye mnada miaka ya nyuma, na kwa kuwa hakuna aliyemsamehe mwenzake, wakawa marafiki. Daktari aliwekwa kwenye kamati ya makumbusho ya mji, ambako yalitayarishwa maonyesho ya vyombo vya kale vya upimaji, na alipiga simu kusema Jumamosi angekuja kuiangalia theodolaiti. Akiridhika, ingewekwa mbele kabisa, mlangoni, ndani ya kioo chake peke yake.

Bwana Vipimo hakulala vizuri kwa furaha. Akamwambia dada yake kwamba Jumamosi wanakuja kumwangalia Mgeni.

Dada Mkubwa alilisikia hilo kwa masikio ya mtu aliyeoza mabinti. Mtu akija kuangaliwa huogeshwa. Na huyu, kusema kweli, alikuwa mchafu: mweusi kwenye mikunjo, kahawia kila mahali. Hospitalini alikuwa na masufuria ya shaba ya enzi na enzi, na hakuna mganga mkuu aliyewahi kuingia jikoni kwake asione uso wake ndani ya sufuria.

Jumamosi asubuhi ndugu yake alitoka kwenda kununua sukari na biskuti, akapita na kwa kinyozi. Dada Mkubwa akasubiri mlango ufungwe. Akatoa majivu, ndimu na katani. Mkono wake uliokuwa umevunjika ulikuwa bado dhaifu, kwa hiyo alisugua kwa mmoja na kushikilia kwa mwingine, akipumzika, akisugua tena. Alianza na bomba la darubini, akashuka kwenye skrubu, akafika kwenye duara. Utepe wa fedha ulikuwa umefifia sana, ukamlazimu kuukazania.

Bwana Vipimo aliona mng'aro kabla hajafika mlangoni. Ulikuwa unapiga ukuta wa pili wa sebule kama kioo cha gari. Akasimama kizingitini na mfuko wa sukari mkononi. Rangi ya asali ilikuwa imekwenda. Pale skrubu zilipolainishwa na dole gumba la mtu wa kale sasa palifanana na pengine popote. Akasogea, akainama. Kwenye utepe wa fedha ile mistari ilikuwepo upande mmoja. Upande wa pili palikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Dada yake alikuwa amesimama kando, mikono myeusi mpaka viwiko, jasho likimtoka, anatabasamu.

"Unamwonaje?"

Alitazama ule mkono dhaifu, jinsi alivyokuwa ameubana kifuani baada ya kazi.

"Amependeza, Dada," akasema.

Akaenda chumbani, akaketi kwenye ule mteremko wa kitanda chake, sukari mapajani.

Daktari wa Meno alikuja na shauku zake zote. Alimsalimu Dada Mkubwa, akamsifu kwa harufu iliyotoka jikoni, akaelekea dirishani huku akibadilisha miwani. Halafu akainama kwenye duara. Dada Mkubwa alikuwa ameshaondoka kwenda kuandaa chai, na Daktari akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuta mgonjwa wake amekufa, ni nani aliyefanya hivi.

"Mimi," akasema Bwana Vipimo.

"Wewe?"

"Mimi, Daktari. Niliona pachafu."

Daktari akawaka. Akamkumbusha kwamba yeye Daktari alishawahi kugombezwa katika sebule hiihii kwa kupangusa lenzi kwa shati. Akasema kuifuta mistari ile ni sawa na mtu kusaga meno yake yote mpaka kwenye fizi ili yang'ae. Akasema amewaeleza wanakamati, amewapa neno lake, na sasa akawaambie nini, kwamba mtaalamu mwenyewe kashika majivu? Chombo kile hakifai tena kuonyeshwa. Kimebaki kuwa pambo. Bwana Vipimo aliinamisha kichwa na kuitikia kila neno, kweli, Daktari, ndivyo, uzee huu, na hakujitetea hata kidogo.

Dada Mkubwa alikuwa kwenye ujia na sinia la chai. Alisikia tangu "wewe" ya kwanza. Alikuwa bado na furaha ya kazi yake mwilini, na ilimtoka pale pale aliposimama, pole pole. Akaingia, akaweka sinia mezani, akanyoosha mgongo.

"Daktari, usimseme ndugu yangu," akasema. "Niliyesugua ni mimi. Yeye alikuwa kwa kinyozi."

Daktari wa Meno alikuwa mtu wa kelele lakini hakuwa mtu mbaya. Akavua miwani ya vitu, akavaa ya watu, akaketi, akapokea kikombe. Alipokwisha kunywa nusu aliuliza, kwa adabu kabisa, alichanganya majivu na nini, kwa maana vitasa vya zahanati yake vimekuwa vyeusi na hakuna dawa ya dukani iliyofaa. Dada Mkubwa akamjibu neno kwa neno, ndimu kiasi hiki, majivu ya kuni na si ya mkaa, lakini akijibu hakumtazama yeye wala ndugu yake. Daktari akaaga mapema. Mlangoni alimshika rafiki yake bega, akambana, akaenda zake.

Kuanzia siku ile nyumba ilipoa. Chakula kilipikwa, tena kizuri, na nguo zilifuliwa, lakini Dada Mkubwa hakuuliza tena kitu. Alipita sebuleni mikono kaifunga nyuma kama mtoto aliyeingizwa kwenye duka la vyombo vya kioo. Mizani ya dawa aliirudisha kwenye rafu yake, imekung'utwa chumvi yote. Mgeni hakusalimiwa. Bwana Vipimo alijaribu kumchokoza. Alitoa chombo kidogo cha mikono miwili kinachopima eneo la umbo lolote kwenye ramani kwa kulifuata ukingo wake, akakitembeza mezani mbele yake, akasubiri. Dada akasema ni kizuri, akaenda kukunja nguo.

Mchana mmoja akamsikia kwenye simu na binti yake wa pili, akiuliza kile chumba cha uani bado kiko wazi.

Alimngoja amalize. Akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Akamwambia hana haja ya kwenda popote. Akamwambia chombo ni chombo tu, yeye hakasiriki, na kwa kweli Mgeni amependeza, hata majirani wamesema.

Dada Mkubwa akaweka kisu chini.

"Usiniambie tena hilo neno."

"Neno gani, Dada?"

"Amependeza. Uliniambia amependeza, nikaamini. Nikakaa najisifu jikoni wakati wewe unatukanwa kwa ajili yangu. Kitinda, mtu wako unamgombeza. Anayeambiwa amependeza ni mgeni. Mimi hapa ni nani?"

Bwana Vipimo alikuwa mtu aliyeweza kusema umbali wa kilima kwa kukitazama, na hili la mezani kwake alikuwa hajaliona. Akashika magoti yake. Kisha akaanza, kwanza kwa sauti ndogo.

"Umeniharibia, Dada."

"Enhe."

"Umeniharibia kitu nilichokipenda kuliko vyote nilivyo navyo. Nilikitoa motoni. Nimekitunza miaka yote hii kwa brashi ya manyoya, kwa manyoya, Dada, na wewe ukakishika kwa katani kama sufuria lililoungua. Kwa nini hukuniuliza? Unauliza kila kitu! Hilo moja tu ndilo hukuuliza!" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka ikapasuka, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujali. Akasema kuhusu lile dole gumba. Akasema kuhusu mistari ile, kwamba kuna mtu aliyeichora mmoja mmoja kwa mkono, na sasa imekwenda na maji ya ndimu. Akasema alikuwa ameshajiona mlangoni pa makumbusho, na suti. Aliposhindwa kupata jingine alisema chumvi inakula shaba ya mizani, na kwamba goti si kipimo.

Dada Mkubwa alisikiliza yote, amesimama, mikono tumboni, akitikisa kichwa pale palipostahili.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimekosa. Nisamehe." Akamfuta uso kwa ncha ya kanga, si kwa upole sana, kama alivyomfuta siku zote. "Ila la goti hujasema kweli. Sogea, ule."

Akala sahani mbili. Jioni ile ile Dada Mkubwa alimpigia binti yake, akamwambia chumba cha uani apangishe.

Mvua zilipoanza, zilianza kwa fujo. Maji yakajaa nyuma ya jikoni, yakagonga kizingiti, wakaamka na kukuta ndala zinaelea. Fundi bomba akaitwa, akatazama kwa jicho moja, akachimba mtaro kuelekea upande wa barabara. Mvua iliyofuata, maji yakaingia kwenye ule mtaro, yakatembea kidogo, yakaonekana kufikiri, yakarudi. Fundi akasema ardhi hii ina kichwa kigumu. Dada Mkubwa akasema hajawahi kuona ardhi yenye kichwa.

Bwana Vipimo alikuwa amesimama mlangoni, suruali kaikunja, anatazama maji. Kisha akageuka, akatazama sebuleni. Mgeni alikuwa pale dirishani, anang'aa kama kitasa. Hakuna tena makumbusho yaliyomtaka, na shaba yake haikuwa na rangi ya kulindwa. Ile mistari iliyofutika ilikuwa ya kupimia pembe za kwenda kushoto na kulia. Kujua maji yataelekea wapi kulihitaji darubini tu na kile kipovu cha hewa ndani ya kibomba cha kioo kinachoonyesha usawa, na kipovu kilikuwa hai.

"Dada," akasema, "unaweza kushika mti ukausimamisha wima?"

"Nimeshika mwiko wa kulisha wodi nzima. Mti ni nini?"

Akafunga utepe wa kupimia kwenye fimbo ya kuanikia nguo, akampa. Akambeba Mgeni mikononi kama anavyobebwa mgonjwa, akamtoa uani, akamkita ile miguu mitatu kwenye tope, akaipanua, akaanza kuzungusha skrubu za chini. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Kipovu kikaenda, kikarudi, kikatulia katikati. Dada Mkubwa akasimama na mti wake kando ya jikoni, kisha kwenye ukuta, kisha kwenye kona, akiinama na kuinuka kwa amri ya mkono wa ndugu yake, na kila mahali ndugu yake akasoma na kutaja namba kwa sauti. Fundi bomba akasogea karibu kusikiliza. Ikaonekana kwamba ule upande wa barabara, uliodhaniwa uko chini, ulikuwa juu. Ukuta wa jirani ndio uliodanganya macho ya kila mtu. Maji yalitaka kwenda nyuma, penye bustani ya Seremala, ambaye alikuwa akilalamika kila siku kwamba mboga zake zinakauka.

Fundi akacheka, akasema yeye aliusikiliza ukuta, akachukua koleo.

"Ngoja kwanza," akasema Dada Mkubwa. "Na mimi nione."

Akamwachia fundi mti, akaja, akafumba jicho moja, akaweka la pili kwenye lenzi. Akakaa hivyo muda. Mabega yakaanza kumtikisika. Darubini za kale za namna ile hugeuza kila kitu juu chini, na ndugu yake alikuwa amesahau kumwambia. Seremala alikuwa anatoka nyumbani kwake na ubao begani, na alikuwa anatembea kwa kichwa, miguu angani, kwa heshima zake zote. Dada Mkubwa alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakosa, akashikilia mguu mmoja wa Mgeni.

"Yaani siku zote hizi," akasema alipopata pumzi, "siku zote hizi amesimama pale ndani, na anayo haya?"

Mtaro mpya uliondoa maji siku hiyo hiyo. Habari zikaenea kama kawaida yake. Seremala alikuwa anajenga banda, akaomba aangaliziwe msingi. Mama wa duka la kona alikuwa na sakafu inayokusanya maji chini ya friji. Bwana Vipimo na dada yake wakawa wanaonekana mtaani asubuhi, yeye na Mgeni begani, dada nyuma yake na mti wake kama mkuki, akiuliza kuhusu kila walichokipita. Makumbusho yalichukua mizani ya duka la dawa badala yake, ikawekwa ukumbini, si mlangoni, na ndugu wawili wakaenda kuiona, Bwana Vipimo kavaa suti.

Daktari wa Meno alikaa mbali kwa muda, kwa aibu ya zile kelele. Kisha Jumamosi moja akaja na sufuria la shaba la mke wake, kama kisingizio, akawakuta wako kwenye kiwanja cha Seremala. Akabadilisha miwani, akaomba achungulie kidogo. Akachungulia sana. Bwana Vipimo akamwambia sasa yatosha, kuna kazi, Daktari akasema bado, hajauona mti sawasawa, na wakaanza kusukumana mabega pale kwenye lenzi, wazee wazima.

Kule mwisho wa kiwanja Dada Mkubwa alikuwa amesimama na mti, jua linampiga, mkono wake ule umeanza kuchoka.

"Mmeshaona au niuweke chini?" akauliza.

Wakamwambia kwa pamoja asubiri kidogo tu, na kila mmoja akaendelea kudai ni zamu yake.